Hudhurio la Kumi na Mbili

"Kadi imelala," alisema dada wa dirisha la malipo, akaisukuma nje chini ya kioo kwa ncha ya kalamu.

Dobi aliichukua, akaifuta kwenye gauni lake la kazi, akairudisha. "Ijaribu tena, dada. Labda ina masizi."

"Haina masizi, mama. Imelala. Hapa inaandika kwamba mgonjwa si mwanachama hai."

"Yu hai. Nimemwacha kitandani anakunywa uji kwa mrija."

Foleni iliyokuwa nyuma yake ikacheka. Dada wa dirishani hakucheka, alikwishaanza kumtazama mtu anayefuata. Mwanamke huyu aliitwa Dobi kwa sababu alikuwa mfuaji katika hoteli kubwa ya mjini, na miaka kumi na minne ya kazi ile ilikuwa imemfundisha kutofautisha sauti ya mtu asiyejua na sauti ya mtu asiyetaka. Hii aliyoisikia leo ilikuwa ya asiyetaka.

Mume wake, Fundi, alikuwa fundi bomba kwa riziki na mzimamoto wa kujitolea kila king'ora kilipolia. Jumamosi mchana ghala la rangi lilishika moto. Fundi aliingia akamtoa mlinzi, kisha akarudi kufunga mtungi wa gesi, na paa likamshukia. Mguu wa kulia uliungua mpaka gotini. Mkono wa kulia ulikaa chini ya bati la moto mpaka wenzake walipolinyanyua. Daktari wa upasuaji aliutazama mkono ule, akasema vidole bado vina uhai ila ngozi imekwisha, na kwamba ngozi nyingine ipandikizwe kabla ya Ijumaa. Ikifika Ijumaa, alisema, mimi nitakuwa nakata, sishoni tena.

Leo ilikuwa Jumatatu. Na fundi bomba asiye na mkono wa kulia ni mtu wa kukaa kibarazani kuwatazama wenzake wakipita na mikoba ya spana.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza Dobi.

"Nenda ofisi za Mfuko wa Bima. Wakikupa namba ya idhini, sisi tunamwingiza chumba cha upasuaji leo leo. Au ulipe taslimu." Dada akataja kiasi. Kilikuwa mshahara wa Dobi wa mwaka mzima na zaidi, na alikitaja huku akitafuta kifuniko cha kalamu. "Anayefuata!"

Aliporudi wodini alikuta kitanda kitupu. Fundi alikuwa amehamishwa kutoka chumba cha majeraha ya moto, chenye madirisha ya nyavu na mlango unaofungwa, akapelekwa wodi ya jumla, kitanda cha mwisho, jirani na choo. Mhudumu mmoja alikuwa anamvuta shuka taratibu kutoka chini ya mgongo.

"Unafanya nini?"

"Shuka ni za kule, mama. Za huku mgonjwa anakuja na ya kwake."

Dobi alikuwa anafua shuka mia nne kwa siku. Alizifua, akazinyoosha, akazikunja pembe kwa pembe, wageni wakazilalia usiku mmoja na kuzitupa sakafuni. Alisimama pale akimtazama mume wake akilazwa juu ya godoro la plastiki lililochanika. Akavua kanga aliyojifunga kiunoni, akaitandika.

"Usigombane na watu," alisema Fundi kwa sauti ya chini. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Ni karatasi tu hizo. Kamanda wa zimamoto atazinyoosha."

"Lala," alisema Dobi. "Karatasi niachie mimi."

*

Ofisi za Mfuko zilikuwa na ubaridi wa kutengenezwa na sakafu ya kuteleza. Ukutani, nyuma ya viti vya kusubiria, palikuwa na picha kubwa ya wazimamoto wanne wameshika mpira wa maji, na chini yake maandishi: Tunawajali Wanaotujali. Dobi alikaa chini ya picha hiyo saa mbili na nusu.

Afisa wa madai alikuwa kijana nadhifu mwenye chupa ndogo ya dawa ya kuua vijidudu mezani. Kila baada ya kushika karatasi ya mtu alijipaka mikononi. Hakuwa na maneno mabaya hata kidogo, na hilo ndilo lililochosha zaidi. Alisema pole alipomkaribisha, alisema pole alipoiona picha ya mkono, na alisema pole alipofungua kompyuta.

"Pole sana, mama. Tatizo liko hapa. Mzimamoto wa kujitolea si mwajiriwa, kwa hiyo hakatwi mshahara. Anachochangia yeye ni muda wake. Kanuni ya tisa inasema awe na mahudhurio kumi na mawili, moto au mazoezi, ndani ya miezi mitatu kabla ya tukio. Mume wako anayo kumi na moja."

"Kumi na moja?"

"Amepungukiwa na moja. Pole."

"Haiwezekani. Mume wangu halali king'ora kikilia. Hata harusi ya mdogo wangu alitoka katikati ya chakula."

"Mimi nasoma kilichoandikwa kwenye daftari la kituo, mama."

Dobi akavuta kiti mbele. "Haya, mwanangu. Tuseme ni kumi na moja. Na moto wa Jumamosi je? Huo si wa kumi na mbili?"

Afisa alitabasamu kwa masikitiko, kama mtu aliyekuwa analisubiri swali hilo. "Huo hauhesabiki. Hudhurio linakamilika mzimamoto anaporudi kituoni na kusaini kwenye safu ya kurudi. Kwa mkono wake mwenyewe. Mume wako hakusaini kurudi."

"Hakurudi! Alibebwa kwenye machela!"

"Ndiyo. Pole. Ndiyo maana halijakamilika."

"Kwa hiyo angeungua kidogo, akaweza kutembea mpaka mezani akasaini, mngemlipia. Ameungua sana, hamlipi."

Kijana alijipaka dawa mikononi, ingawa hakuwa ameshika kitu. "Ukiliweka hivyo linasikika vibaya," alisema. "Lakini kanuni haiangalii ukubwa wa jeraha. Inaangalia saini."

Dobi aliwahi kusafisha matapishi ya wageni, na damu, na vingine visivyosemeka mbele za watu. Hakuna hata kimoja kilichompa kinyaa kama sauti ile laini. Aliinuka akaondoka bila kuaga, na hilo halikuwa kawaida yake.

*

Nyumbani, kwenye kalenda ya ukutani, Dobi alikuwa na alama zake mwenyewe. Nguo za moto za Fundi hazikukubaliwa na mashine za hotelini, kwa hiyo alizifua nyumbani kwa mkono, kwa sabuni yake. Kila alipozifua alichora duara kwenye tarehe, ili siku moja amwonyeshe Fundi ni miche mingapi ya sabuni inayokwenda kwa kazi isiyo na mshahara. Ilikuwa utani wao. Alihesabu maduara kutoka Jumamosi kurudi nyuma miezi mitatu, akahesabu tena kwa kidole. Kumi na tano.

Akaikunja kalenda, akaitia mkobani, akaenda kituoni.

Kamanda wa kituo, mtu mzima mwenye tumbo na masharubu yaliyopakwa wino, alimpokea kwa mikono miwili. Yeye na madereva wawili ndio waliokuwa waajiriwa. Wengine wote, ishirini na watatu, walikuwa wa kujitolea. "Shemeji, karibu. Tumechangishana, lakini unajua tena watu wetu. Haijafika hata robo."

"Nashukuru. Nataka kuona daftari la mahudhurio."

Mikono ya Kamanda ikashuka. "La nini, shemeji?"

"Nihesabu."

Alilileta, akalifungua mwenyewe, na akaweka kiganja juu ya ukurasa kana kwamba upepo ungeupeperusha. Dobi alikiondoa kile kiganja taratibu. Alipitisha kidole kwenye tarehe zile zenye maduara. Katika kumi na moja jina la Fundi lilikuwepo. Katika nne halikuwepo. Ila katika zote nne lilikuwepo jina la Kinyozi, kijana mwingine wa kujitolea, na mbele yake, katika safu ya kurudi, saini iliyoanza kwa duara kubwa na kuishia kwa mkia mrefu. Dobi aliijua saini ile inavyotembea. Ndiyo iliyokuwa kwenye cheti cha ndoa yake na Fundi, ila hapa imejaribu kujificha.

"Kamanda. Hizi nne aliyekwenda ni mume wangu."

Kamanda alikwenda kufunga mlango. Alirudi, akakaa, akajifuta shingo.

"Wanaziita kuazimana," alisema. "Walianza kabla sijaletwa hapa. Mmoja akipungukiwa, aliyezidisha anakwenda kwenye moto na kusaini jina la mwenzake. Mimi naona, na ninatazama pembeni. Shemeji, hawa ni watu wenye kazi zao. Wakikosa king'ora kimoja kwa sababu mteja hataki kuachwa na nywele nusu, familia nzima inakosa matibabu. Ndiyo kanuni hiyo. Waliotunga hawajawahi kuzima hata jiko."

"Na Kinyozi alipungukiwa?"

"Mke wake mimba ilimsumbua, akaambiwa asinyanyuke kitandani. Kijana akawa ndiye mpishi, ndiye muuguzi. Fundi akamwambia, wewe kaa na mkeo, mimi ninazo za kutosha. Alijua amebaki na kumi na moja. Akaniambia, Kamanda, wiki haiishi moto haujatokea, nitakaa sawa."

Na wiki haikuisha. Moto ulitokea, wa rangi na gesi, na Fundi akaenda kuitafuta hiyo moja iliyobaki.

"Mtoto amezaliwa wiki iliyopita," aliendelea Kamanda, na sasa hakumtazama. "Njiti. Yuko kwenye chumba cha joto hospitali hiyo hiyo, kwa kadi ya Kinyozi. Shemeji, mimi sikwambii useme, wala sikwambii usiseme. Lakini Mfuko wakijua daftari limechezewa, wanaifunga kadi ya Kinyozi siku hiyo hiyo. Yule mtoto wanamtoa kwenye mashine."

"Na wewe wanakufukuza."

"Na mimi wananifukuza," alikubali Kamanda.

 Dobi alitaka kumtukana, akatafuta tusi linalomfaa, akaona kwamba mtu huyu ndiye peke yake tangu asubuhi aliyemwambia ukweli wote. Akairudisha kalenda mkobani na kwenda zake.

*

"Nne!" alimwambia Fundi siku ya pili, kwa kunong'ona kwa sababu ya vitanda vya jirani. "Umempa mtu nne! Kwani ni sigara?"

Fundi alifumba macho. Chumba kilinuka choo, na juu ya choo, dawa ya kusafishia choo. Bandeji za mkono wake zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya chai, na mwenye zamu alisema za kubadilisha zimekwisha mpaka mchana.

"Ulikuwa na kumi na tano, Fundi. Kumi na tano! Nina ushahidi wa sabuni."

Akacheka, ikamuuma, akaacha. "Wewe mwanamke hatari. Unapiga hesabu kuliko hao wa Mfuko."

"Nikiwapelekea kalenda hii leo, kesho unashonwa."

"Na mtoto wa Kinyozi?"

"Mimi sijazaa na Kinyozi."

"Dobi."

"Nini Dobi? Mkono ni wako, lakini ugali ni wetu."

Fundi aliongea polepole. "Mimi nilisaini jina lake. Hakuniomba. Siwezi kumpa mtu kitu kwa mkono wangu kisha mke wangu akaenda kukipokonya. Utaniokoa mkono halafu nitaufanyia nini? Niwape watu mkono wa pole kwenye msiba wa mtoto?"

 Dobi alimkasirikia kwa wema wake, kwa ubishi wake, na kwa kuwa alichokisema kilikuwa kweli. Akatoka nje ya wodi akitafuta hewa, na huko kwenye korido akakutana na Kinyozi.

Kijana huyo alikuwa mrefu, mwembamba, na kwa mtu wa kazi yake alikuwa na nywele zisizotazamika. Alikuwa amekwishaambiwa. Ilionekana usoni.

"Shemeji," alisema, "nimeshavaa. Ninakwenda Mfuko. Nitawaambia mimi ndiye mwenye kosa."

"Mkeo anajua?"

Kinyozi akageuka, akaanza kutembea. Dobi akamfuata mpaka kwenye kioo cha chumba cha watoto. Mke wa Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, akitazama ndani. Alipomwona Dobi alijaribu kunyanyuka.

"Kaa, mwanangu."

"Dada, pole na mgonjwa. Yule wa pili kutoka dirishani ndiye wetu. Jana ameongeza gramu ishirini." Akatabasamu, meno yote nje. "Daktari anasema wiki mbili tu. Bila hiyo kadi sijui ingekuwaje. Mungu awape maisha marefu watu wa zimamoto."

Dobi alitazama ndani. Alimwona mtoto, mwekundu, amevaa soksi iliyokatwa kuwa kofia, na mrija puani. Hakuwa mzuri hata kidogo. Dobi aliligundua hilo na akaona nafuu, kisha akajionea aibu kwa kuona nafuu.

"Ameongeza gramu ishirini," Dobi alimwambia Kinyozi walipobaki wawili. "Ukienda Mfuko nitakufuata nikukate miguu. Subiri kwanza. Tunatafuta saini moja tu, siyo? Moja ya kurudi. Basi tumpeleke akasaini."

"Kumpeleka nani?"

"Fundi. Kituoni."

*

Walipanga Jumatano, wakafanya Alhamisi asubuhi. Tatizo lilikuwa kwamba mgonjwa akitoka hospitali anahesabiwa ameondoka kwa hiari yake, na kitanda kinapewa mwingine. Sista wa zamu, mama wa makamo aliyewaona wagonjwa wa kila aina ila hakuwahi kuombwa kitu kama hiki, aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama saa yake.

"Mimi ninakwenda kunywa chai," alisema. "Huwa ninakunywa dakika arobaini. Nikirudi nimkute kitandani kwake. Na dripu msiishushe chini ya bega."

Wakamshusha kwa ngazi za nyuma, wazimamoto sita, wakamlaza kwenye pikapu ya kituo juu ya mipira ya maji iliyokunjwa. Kinyozi alisimama nyuma ameshika chupa ya dripu juu, mkono mmoja kwenye ukingo wa gari. Dobi alikaa kichwani kwa mume wake akimkinga jua kwa kalenda. Walipopita sokoni watu walidhani ni maiti, wakavua kofia, na Fundi akainua mkono wake mzima akawapungia. Mwanamke mmoja alipiga kelele na kuangusha kapu.

"Acha mzaha," alisema Dobi.

"Waache wajue nimerudi," alisema Fundi, lakini alikuwa anatetemeka, na kila gari lilipoingia shimoni alitoa mlio ambao Dobi hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

Kituoni, Kamanda alitaka kuleta daftari garini. Dobi akakataa. Kanuni inasema kurudi kituoni, akasema, basi arudi kituoni. Hakutaka kuwaachia watu wa Mfuko hata ufa wa kupenyeza wembe. Wakambeba mpaka ndani, mpaka mezani, wakamkalisha kwenye kiti cha Kamanda, wawili wakimshika mabega. Kinyozi aliinua dripu. Watu wazima kumi na watano walisimama kimya wakimtazama mwenzao akishika kalamu kwa mkono wa kushoto, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Saini ilitoka imelala, haina duara, haina mkia. Kamanda akaandika tarehe na saa, akagonga mhuri, akapuliza wino. Mmoja nyuma akaanza kupiga makofi. Hakuna aliyemfuata, akaacha.

Kabla hawajamfikisha wodini, Fundi alikuwa amezimia. Sista alikuwa amesimama kitandani, chai imekwisha zamani.  Aliigusa bandeji, akanusa vidole vyake, na akaenda kumwita daktari kwa mwendo wa haraka.

*

Afisa wa madai alilipokea daftari kwa mikono miwili, akalisoma, akalinganisha na kompyuta. Dobi alikuwa amesimama. Alikataa kiti.

"Mama, hongera," alisema kijana. "Kumi na mbili. Kadi imeamka."

Dobi akashika ukingo wa meza. "Namba ya idhini. Niandikie namba ya idhini, mwanangu. Kesho ndiyo Ijumaa."

"Ngoja kidogo." Aliandika, akasubiri, akaandika tena. Kisha akaegemea nyuma. "Pole sana."

"Pole ya nini tena?"

"Hudhurio limekamilika leo. Kwa hiyo kadi imeamka kuanzia leo. Majeraha ni ya Jumamosi. Kwa tarehe hii, mfumo unayaona kama ugonjwa aliokuwa nao kabla ya bima." Alisema bila ubaya wowote. "Akiugua kitu kingine kuanzia sasa, analipiwa chote."

Dobi alimtazama. Alinyoosha mkono kulichukua daftari. 

"Ila sikiliza, mama," alisema kijana, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti, akajisogeza mbele kama binadamu mwenye mama yake. "Makosa ya kuandika hutokea. Kama kuna hudhurio la zamani, kabla ya Jumamosi, ambalo alikwenda na jina lake halikuandikwa. Ushahidi wowote. Picha, barua, chochote chenye tarehe. Hudhurio moja tu. Ninalituma kwa mkaguzi, analilinganisha na daftari, na ninakupa namba leo hii. Nataka kukusaidia."

Kalenda ilikuwa mkobani. Aliisikia kwa kiwiko. Maduara manne, na mkaguzi angeyapeleka kwenye daftari, tarehe kwa tarehe, na katika kila tarehe angekuta jina moja. Gramu ishirini. Alimwona yule mwanamke mwenye miguu iliyovimba akiambiwa na dada wa dirishani kwamba kadi imelala, akirudishiwa kwa ncha ya kalamu. Akamwona Fundi akilazimika kuishi na mkono wenye ngozi mpya, akiuficha mfukoni kila Kinyozi apitapo.

Alimchukia Fundi kwa dakika ile. Alimchukia Kinyozi, na mtoto, na Kamanda na masharubu yake. Kisha akamtazama kijana nadhifu aliyekuwa anamsubiri kwa huruma, na chupa yake ya dawa, na akajua kwamba wale wengine hawakustahili kuchukiwa.

"Hakuna," alisema.

"Hata moja?"

"Hakuna, baba. Alikwenda hizo hizo kumi na mbili."

"Pole sana," alisema afisa wa madai, akajipaka dawa.

*

Ijumaa asubuhi dada wa dirisha la malipo alipitisha kadi, na uso wake ukachangamka. "Imekubali! Umeona? Nilikwambia uende Mfuko."

"Inalipia nini?"

Dada akasoma. "Inalipia vyote. Kitanda, dawa, vipimo, hata meno na miwani." Akasogeza kioo cha kompyuta, akasoma mstari wa chini. "Isipokuwa mkono wa kulia na mguu wa kulia."

Kwa kuwa kadi ilikuwa imeamka, walimrudisha Fundi chumba kizuri. Walimpa shuka mbili. Daktari wa upasuaji alikuja na karatasi, akaeleza kwa upole, bila kuzungusha maneno: mguu ungepona kwa kufungwa bandeji, ungebaki na kovu na kuchechemea. Mkono ulikuwa umeoza vidole vinne. Kidole gumba angejaribu kukiacha. Kukata kulikuwa rahisi, na pesa za mchango zingetosha, zingebaki hata za nauli.

Fundi aliipokea karatasi ya ridhaa, akaiweka juu ya paja, akaomba kalamu. Alisaini kwa mkono wa kushoto. Daktari alipotoka, alimgeukia mke wake.

"Hukuwaambia."

"Sikuwaambia."

"Na kalenda?"

"Nimeichoma jana jioni. Nimepikia chai."

Fundi alimtazama, machozi yakimshuka pembeni mpaka masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafutia kwa sababu wa kushoto, baada ya kusaini, ulikuwa umefungiwa sindano ya dripu. "Ahsante," alisema. "Ahsante, mke wangu."

"Usinishukuru," alisema Dobi. Alivuta pembe ya shuka ya hospitali, nyeupe, iliyonyooshwa vizuri, akamfuta uso nayo. "Nimekubali ukatwe mkono. Usije ukanishukuru tena kwa jambo hili."

Wahudumu wawili wakaja na kitanda cha magurudumu. Dobi alikishika mwenyewe upande wa kichwani, akasukuma nao mpaka mlango ambao haukuruhusu ndugu kupita.